Aliandika hadithi ya Krismasi inayolainisha mioyo, nyumbani akamtenga mkewe. Tumweleweje Charles Dickens?

#1 Mama Kibo
Habari za jioni wanajukwaa. Nina jambo linanisumbua tangu juzi.

Kila mwaka tukishapanda Moshi kwa Krismasi, usiku wa tarehe 24 huwa nawasomea watoto wa ukoo hadithi ya mzee Scrooge, bahili anayetembelewa na Roho watatu usiku wa Krismasi akabadilika, A Christmas Carol. Kitabu ni cha Kiingereza, nami nakisoma kwa Kiswahili papo hapo, sentensi kwa sentensi, chemli mezani umeme ukikatika. Mwaka wa kumi na moja sasa. Watoto wanaijua yote: mzimu wa Marley, mshirika wake wa biashara aliyekufa miaka saba nyuma, unavyoburuta minyororo yenye funguo na visanduku vya fedha, karani Bob Cratchit anavyoota moto wa kaa moja kwa sababu makaa yanakaa chumbani kwa bosi, na Tim mdogo, mtoto wa Bob, na gongo lake.

Mwaka huu binti yangu wa kidato cha tatu kasema hasikilizi. Kasoma kwamba Dickens alizaa na mkewe Catherine watoto 10, halafu mwaka 1858, baada ya miaka 22 ya ndoa, akatengana naye. Yeye akabaki na nyumba, akabaki na karibu watoto wote, hata mdogo wake Catherine akabaki huko huko kwa shemeji. Na moyo wake wakati huo ulikuwa kwa msichana mwigizaji, Ellen Ternan, aliyekuwa na miaka 18 walipokutana, mwanamume ana 45. "Mama, huyu ndiye anatufundisha kupenda familia?"

Nimekosa jibu. Mtu anaandikaje vile na kuishi hivi?

#2 Nyuki Dume
Jibu lipo wazi mama. Mnafiki. Vuli ya 1843 alikuwa na madeni, riwaya aliyokuwa anaitoa haiuziki, mke ana mimba ya tano. Akakaa wiki sita akaandika kitu cha kuliza watu, akatajirika. Basi.

#3 Karani Mstaafu
Nyuki, madeni ni kweli, wiki sita ni kweli. Kutajirika hapana. Kitabu kilitoka tarehe 19 Desemba 1843, nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Alitarajia pauni 1,000, akaambulia 230. Unajua kwa nini? Aling'ang'ania kitabu kiwe kizuri: kingo za dhahabu, picha zilizopakwa rangi kwa mkono, na bado bei iwe shilingi 5 tu. Gharama zikaila faida. Januari wezi wa kazi za watu wakatoa nakala yao, akawashtaki, akashinda, wakajitangaza wamefilisika, na gharama za kesi, kama pauni 700, zikamwangukia yeye aliyeshinda.

Anayewaza fedha peke yake hachapishi hivyo.

#4 Fundi Chuma
Mzee Karani, shilingi 5 unaiitaje "tu"? Bob Cratchit analipwa 15 kwa wiki. Theluthi ya mshahara wa wiki, ana watoto sita! Hadithi inamhusu yeye na hawezi kuinunua.

#5 Karani Mstaafu
Umenikamata fundi. Hesabu hiyo sijawahi kuipiga, na nimekaa na vitabu vya hesabu miaka thelathini. Ila mwongezee hili: Desemba 1853 alikwenda Birmingham kuisoma hadithi hiyo mbele ya watu kwa ajili ya hisani, akasisitiza usiku mmoja uwe wa wafanyakazi, kiingilio peni 6, yaani nusu shilingi. Bob angeingia.

#6 Bahari ya Pemba
Mimi nilifundishwa kwamba aliiandika akiwa gerezani kwa deni. Ndiyo maana ina uchungu ule.

#7 Msomaji wa Usiku
Bahari, aliyefungwa ni baba yake. Naomba nielezee kwa kirefu kwa sababu kwangu mimi ufunguo uko hapo.

Mwaka 1824 baba yake, John Dickens, karani wa ofisi ya mishahara ya jeshi la majini, alifungwa Marshalsea, gereza la wadaiwa jijini London. Deni lilikuwa la muuza mikate, pauni 40 na shilingi 10. Mama na watoto wadogo wakahamia humo humo gerezani kama ilivyokuwa kawaida. Charles ana miaka 12. Yeye alipelekwa kazini, kiwanda cha dawa ya viatu cha Warren, jengo bovu kando ya mto Thames lililojaa panya. Kazi: unachukua kopo, unalifunika karatasi ya mafuta, juu yake karatasi ya bluu, unafunga uzi, unakata ncha sawasawa, unabandika lebo. Kutwa nzima. Shilingi 6 kwa wiki.

Sasa sikilizeni. Baba alitoka gerezani, na baadaye akagombana na jamaa aliyekuwa anasimamia kiwanda, akamwachisha mtoto kazi. Mama akataka arudishwe. Dickens aliandika akiwa mtu mzima kwamba hakusahau, hatasahau, na hawezi kusahau kwamba mama yake alitaka arudi kule. Maneno hayo alimpa rafiki yake mmoja tu, John Forster. Watoto wake mwenyewe hawakujua lolote. Dunia ilijua mwaka 1872 Forster alipotoa kitabu cha maisha yake, Dickens keshakufa miaka miwili.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Scrooge na Bob wote ni yeye. Bob ni yule mtoto wa makopo. Scrooge ni mtu mzima anayelala na hofu kwamba umaskini utarudi kumchukua. Na kosa la mama akaja kumlipisha mkewe.

#8 Nyuki Dume
Msomaji umeandika vizuri lakini sikubali. Mimi nimeuza karanga na mayai ya kuchemsha stendi nikiwa na miaka tisa, mama yangu ndiye aliyenipakia beseni kichwani. Sijamlipisha mke wangu. Walioteseka utotoni ni wengi mno, hatuwezi kumpa kila mmoja kibali.

#9 Msomaji wa Usiku
Sijampa kibali kaka. Nimesema chanzo. Dawa na ugonjwa ni vitu viwili.

#10 Shangazi wa Medway
Nawasalimu kutoka Kent, Uingereza. Nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na basi langu hupita Higham, karibu na Gad's Hill, nyumba aliyofia Dickens tarehe 9 Juni 1870. Sasa pana shule hapo. Akiwa mtoto walikuwa wakipita hapo na baba yake, baba anamwambia ukijituma sana siku moja unaweza kuishi humu. Mwaka 1856 akainunua. Kila nikipita namkumbuka huyo mtoto.

Lakini Mama Kibo, binti yako ana haki, na mambo ni mazito kuliko alivyoyasoma.

Oktoba 1857 Dickens alimwandikia mtumishi wa nyumba, kwa siri, kwamba mlango kati ya chumba cha kuvalia na chumba cha kulala uzibwe, na upande wa pili awekewe kitanda chake peke yake. Fikirieni Catherine anasikia fundi anagonga misumari. Juni 1858 akachapisha tangazo kwenye gazeti lake mwenyewe kuwaeleza wasomaji kuhusu matatizo ya nyumbani kwake. Agosti ikatokea magazetini Marekani barua yake nyingine inayodokeza kwamba mke ana matatizo ya akili. Na mwaka 2019 profesa John Bowen wa Chuo Kikuu cha York alitangaza barua za jirani mmoja wa Catherine uzeeni, anayesimulia alivyoambiwa na Catherine mwenyewe: mumewe alijaribu kumfungia hospitali ya vichaa, akashindwa kwa sababu sheria ilitaka uthibitisho wa wazimu.

Alilipwa pauni 600 kwa mwaka na akapewa nyumba Camden, nalisema kwa sababu kuna mahali nimeona imeandikwa alitupwa bila kitu. Alichopokonywa ni watoto wake. Mkubwa peke yake, Charley, ndiye aliyehamia kwa mama.

Kinachoniliza ni hiki. Mwaka 1879 Catherine anakufa kwa saratani. Akamkabidhi binti yake Kate barua ambazo Dickens alimwandikia tangu uchumba, akamwomba azipeleke makumbusho ya Uingereza ili ulimwengu ujue kwamba aliwahi kumpenda. Alizitunza miaka yote ile. Mumewe yeye alizichoma za kwake: Septemba 1860, uwanjani nyuma ya Gad's Hill, kikapu baada ya kikapu cha barua alizowahi kuandikiwa na watu, na wanawe wakachoma vitunguu kwenye majivu.

#11 Mama Kibo
Shangazi, asante. Nimesoma hili nikiwa jikoni, nikazima jiko nikakaa.

#12 Fundi Chuma
Naomba niseme la kwetu, halina uhusiano na Uingereza.

Marehemu baba yangu alikuwa msuluhishi wa ndoa mtaa mzima. Usiku wa manane mtu anagonga, "Mzee, njoo, wameshikana tena", baba anavaa koti anatoka. Anarudi alfajiri, wale watu wamepatana. Ana maneno matamu, anajua wakati wa kunyamaza. Kwetu sasa: anaweza kukaa miezi mitatu hasemi na mama. Tumekaa chini kula, mama yuko hatua mbili, baba ananiambia mimi, "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mama ananijibu mimi, "Mwambie baba yako nimesikia." Nilikuwa na miaka saba, nikawa daraja la chumvi.

Siku ya mazishi walikuja wanandoa aliowapatanisha, mmoja alilia mpaka akashikwa. Nilikasirika kuliko siku yoyote maishani mwangu. Baadaye nikaanza kujiuliza, wale aliowapatanisha, si walipatana kweli? Watoto wao si walikua na baba na mama wanaosemeshana? Sijui nipeleke wapi jambo hili, lakini nikisoma habari za huyu Dickens namwona mzee wangu anavaa lile koti.

#13 Bahari ya Pemba
Pole sana fundi. "Daraja la chumvi" limenikaa.

#14 Kijana wa Likoni
Jamani, mada nzuri, lakini mwasema mke, mke, mke. Na sisi je?

Mwaka 1853 walionyeshwa Wazulu jijini London kama maonyesho, Dickens akaenda kutazama, akarudi akaandika makala kwenye gazeti lake kwamba watu wa aina hiyo wastaarabishwe mpaka watoweke duniani. Mwaka 1857 Wahindi walipoasi, alimwandikia rafiki yake kwamba laiti angekuwa mkuu wa majeshi kule angefanya kila awezalo kuifuta jamii ile. Oktoba 1865, Morant Bay, Jamaika, koloni la Uingereza, weusi waliinuka kudai haki, gavana Eyre akajibu kwa jeshi, wakauawa watu zaidi ya 400. Uingereza ikagawanyika. Mwanasayansi Darwin na mwanafalsafa John Stuart Mill walitaka gavana ashtakiwe. Dickens alisimama upande wa gavana.

Yule aliyemlilia Tim mdogo! Mimi nilisoma hadithi hii darasani nikiwa na kaptura, nikalia. Nikakua nikayajua haya. Huruma yake ilikuwa na mpaka, na mpaka ulikuwa ufukweni mwa Uingereza.

#15 Karani Mstaafu
Yote uliyoandika ni sahihi, kijana wangu. Na mkanganyiko unazidi: kitabu chake cha safari ya Marekani cha mwaka 1842 kina sura nzima ya kulaani utumwa, anazinukuu hadi matangazo ya kutafuta watumwa waliotoroka, yenye kutaja makovu yao. Mtu yule yule.

Hata wanawe aliwatuma kwenye himaya hiyo. Walter alipelekwa India ana miaka 16, akafa Calcutta siku ya mwisho ya mwaka 1863, ana 22, kaacha madeni. Babu alifungwa kwa deni, mjukuu akafa na deni. Alfred na mdogo wao Edward wakapelekwa Australia. Edward naye aliondoka na miaka 16, na baba akalia stesheni.

#16 Nyuki Dume
Kijana wa Likoni umenimaliza. Nilikuwa nabishana na kijiko kumbe kuna sufuria zima.

Ila nikiri jambo moja. Nimerudi kutazama tarehe. Hadithi 1843, kutengana 1858. Miaka 15. Labda sio mtu mmoja. Labda aliyeandika alikuwa mzima, sifa zikamwoza.

#17 Msomaji wa Usiku
Hapo Nyuki umenisogelea. Mwaka 1843 alitembelea shule ya watoto wa mitaani London, Field Lane, akatoka kashtuka. Alishasoma ripoti ya serikali kuhusu watoto wanaofanya kazi migodini na viwandani, akakusudia kuandika kijitabu cha kuwatetea, kisha akaona hadithi itapiga kwa nguvu zaidi. Wale watoto wawili wanaojificha chini ya joho la Roho wa pili, Ujinga na Uhitaji, wametoka huko. Na mwaka 1847, kwa fedha za tajiri Angela Burdett-Coutts, akafungua nyumba ya wasichana waliokuwa mitaani na magerezani, Urania Cottage. Aliiendesha kama miaka kumi, mwenyewe, hadi kuchagua vitambaa vya nguo zao. Alitaka ziwe na rangi za kuchangamsha. Wengi walisafirishwa kwenda kuanza maisha mapya ng'ambo.

Aliacha kazi hiyo wakati ule ule ndoa inavunjika. Kwa hiyo "mtu wa kwanza" na "mtu wa pili" inaingia akilini.

#18 Shangazi wa Medway
Msomaji, Nyuki, hapana. Catherine angewaambia hapana. Ukali wa kupanga kila kitu ulikuwepo tangu mwanzo. Wasichana wa Urania walipewa alama za tabia kila siku, kwa utaratibu wake. Nyumbani alikagua vyumba vya watoto. Mtu anayependa kuwapanga watu anaweza kuwaokoa, na akichoka nawe anakupanga nje. Nawahudumia wazee, nimewaona wa aina hiyo wawili watatu, wakarimu kweli, na hakuna aliyeweza kuishi nao.

#19 Bi Mpishi
Jamani nimechelewa, nina swali la chakula. Bata wa kina Bob ni bata gani? Kwenye filamu moja niliona bata mzinga.

#20 Mama Kibo
Bi Mpishi karibu. Wawili tofauti. Mezani kwa Bob, kwenye maono, ni bata bukini. Bata mzinga ni yule mkubwa anayetumwa na Scrooge asubuhi akishabadilika, mpaka unahitaji gari la kukodi kumbeba. Watoto wangu hupiga kelele hapo.

#21 Bi Mpishi
Bata bukini mmoja kwa watu wanane, na viazi na mchuzi wa matofaa. Huyo mama alijua kugawa. Na mbona watoto wanamfuata bata kwa mwokaji?

#22 Karani Mstaafu
Maskini wa London hawakuwa na oveni. Siku ya Krismasi walipeleka nyama kwa mwoka mikate, tanuri lake bado lina moto, anawachomea kwa ada ndogo. Humo kitabuni watu wanapita barabarani na vyakula vyao kuelekea kwa waokaji, na Roho ananyunyizia baraka kwenye sahani zao kwa mwenge wake.

#23 Fundi Chuma
Ngoja. Baba yake si alifungwa kwa deni la muuza mikate? Halafu kwenye hadithi anayewabarikia maskini chakula yuko mlangoni kwa mwoka mikate?

#24 Msomaji wa Usiku
Fundi!!! Nimesoma kitabu hicho mara nyingi, sijaliona. Sisemi alikusudia. Lakini nasimama kukupa mkono.

#25 Bahari ya Pemba
Na mimi niulize, Tim si anakufa? Mwalimu wetu alifunga kitabu hapo, tukatoka tunalia.

#26 Mama Kibo
Hafi, Bahari. Anakufa kwenye maono ya Roho wa tatu tu. Mwisho kabisa imeandikwa kwamba Tim HAKUFA, kwa herufi kubwa. Miaka yote hii ulikuwa na msiba wa bure, pole!

#27 Karani Mstaafu
Na maneno hayo hayamo kwenye mswada wa mkono, ambao uko maktaba ya Morgan, New York. Yaliongezwa kitabu kikiwa kinachapwa. Aliona watu watabaki na swali kama Bahari.

#28 Kijana wa Likoni
Nimefurahi kwa Tim. Bado swali langu la Jamaika halijajibiwa na mtu.

#29 Nyuki Dume
Halijajibiwa kwa sababu halina jibu, ndugu. Sikwepi. Nimelifikiria tangu asubuhi.

#30 Shangazi wa Medway
Naongeza moja kabla sijaingia zamu ya usiku. Tarehe 9 Juni 1865 treni ilianguka Staplehurst, huku huku Kent, watu 10 wakafa. Dickens alikuwemo, na Ellen na mama yake. Aliwatoa kwanza, kisha akateremka bondeni akawa anachota maji kwa kofia yake kuwanywesha majeruhi, wengine wakifia mikononi mwake. Kisha akafanya kila njia jina la Ellen lisijulikane kwamba lilikuwepo. Siku moja, mtu mmoja. Alikufa tarehe hiyo hiyo miaka mitano baadaye, na kwenye wasia jina la kwanza kupewa fedha ni Ellen, pauni 1,000.

#31 Mama Kibo
Nimempa binti yangu uzi wote asome, kuanzia juu. Kasoma jioni nzima. Kwenye bandiko la Fundi aliacha simu akatoka nje kidogo.

Halafu kanijia na kitabu, kakifungua pale Belle, mchumba wa Scrooge, anapomwachilia uchumba wake kwa sababu anaona moyo wake umeshachukuliwa na sanamu ya dhahabu. Kaniuliza kwa nini sijawahi kuwasomea. Ni kweli, kila mwaka huwa naruka. Wadogo wanaanza kusinzia pale, na mimi nina haraka ya kufika kwenye pudini.

Anasema atakuja kukaa nasi tarehe 24, ila ukurasa huo atausoma yeye.